Sukari ya Kurudishia Bakuli

Juzi nilisimama mbele ya friji la duka kubwa nikacheka peke yangu, mpaka kijana aliyekuwa akipanga maziwa akaniuliza kama niko mzima. Nilikuwa nimeshika chupa ya juisi ya komamanga, na ubavuni, kwa herufi kubwa za kijani, waliandika kwamba haikutiwa sukari hata chembe. Wameandika kwa majivuno kabisa. Nikamkumbuka Ami Salih na bustani yake ya Taif, nikasema moyoni, laiti marehemu angeiona chupa hii, angenunua dazeni nzima akazipanga dirishani ili kila mpita njia asome. Kijana wa maziwa sikumweleza. Ningelazimika kuanza na bakuli, na habari za bakuli lile hazisimuliwi mtu akiwa amesimama.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mtaa wa Baghdadiyah, kule Jidda, mnajua vyombo vya mama zetu vilivyokuwa havitulii nyumbani. Jengo letu lilikuwa la watu wa Unguja na Pemba tangu chini mpaka juu, na sahani zilipanda na kushuka ngazi kuliko wenyewe. Mtu akipika bokoboko anampelekea jirani. Jirani anakula, anaosha bakuli, analigeuza kifudifudi mezani, halafu linangoja mpaka naye apike kitu, alijaze, alirudishe. Kumrudishia mtu chombo chake kitupu ilikuwa aibu ambayo hata sisi watoto tuliijua kabla ya kujua kufunga viatu. Na siku huna kitu, gesi imekwisha au mwili hautaki jiko, unatia sukari. Sukari ilikuwa ndiyo heshima ya mtu ambaye hakupika. Mwenye chombo anaiona, anaelewa, na neno jingine halihitajiki.

Mbebaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Nilipanda ngazi mikono miwili chini ya bakuli, kitambaa juu, nikinusa pembeni kujua kuna nini. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba hivyo ndivyo dunia nzima inavyoishi. Nilidhani hata Wazungu wa kwenye majengo mapya kule ufukweni hurudishiana masufuria yao na sukari.

Miaka ile fedha za mafuta zilikuwa zimeingia mjini na kila mtu alikuwa anajenga. Jidda ilikuwa vumbi la saruji tangu asubuhi, meli zimejipanga baharini zikingoja zamu ya kushusha mizigo, na kiwanja kilichokuwa na mbuzi wiki iliyopita wiki hii kina winchi. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi, na kiyoyozi ndicho watu walichokitaka kuliko chakula. Kafili wake, yule Msaudi aliyemdhamini kazini, akafungua karakana Riyadh, akamwambia aende akaisimamie. Nyumba ipo, ina lifti, na maji yanatoka mchana kutwa. Baba alikubali siku ileile. Mama hakukubali, wala hakukataa.

"N'takwenda kutazama," alisema. "Kutazama tu, halafu n'tasema."

Neno hilo lilinitia hofu kuliko kukataa. Ghorofa ya chini alikaa Rukia, mwenzangu wa darasa, ambaye baba yake alikuwa Riyadh na mama yake alibaki Jidda. Kila Idi baba yule alikuja na mwanasesere mkubwa chini ya kwapa, na mdogo wake Rukia akimwona anakimbilia uvunguni mwa kitanda akipiga kelele kwamba kuna mgeni ndani. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilimpenda Baba mno, nilipenda hata harufu ya grisi kwenye kofia yake, na nilijiuliza zitapita Idi ngapi kabla na mimi sijaanza kumwita mgeni.

Baba aliona safari ya kutazama sharti iwe tamu, kwa hiyo alinunua gari la kulala kutoka kwa mhandisi wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake. Lilikuwa basi dogo la rangi ya krimu. Ndani mna kitanda kinachokunjwa kikawa benchi, jiko la mafiga mawili la gesi, karo la kuoshea lenye ukubwa wa kofia, na mapazia ya maua ya manjano ambayo Mama aliyafua mara mbili kabla ya kuyaamini. Bibi, mama yake Mama, alilizunguka lile gari polepole akiligonga kwa kidole.

"Mtu na akili zake," alisema, "anatoka kwenye nyumba anakwenda kulala ndani ya kopo?"

Hata hivyo alitufungia mkate wa kumimina, tende, majani ya chai, na mfuko mkubwa wa sukari. Tukaondoka.

Njia ya mlima wa Hada mnaijua. Inapanda kwa kujikunja, na nyani wamekaa kwenye kuta za barabara wakitazama magari. Gari letu lilipanda kwa heshima mpaka karibu na kileleni, kisha mvuke ukaanza kutoka. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Baba aliufunga kwa kitambaa, akamimina maji yetu yote ya kunywa, na tukajikokota hivyo hivyo tukisimama na kuondoka, tukaupita mji wa Taif kidogo, mpaka gari likakataa kabisa mbele ya ukuta mfupi wa mawe. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mikomamanga, mingi, iliyojaa matunda mekundu mpaka matawi yameinama. Hewa ilikuwa baridi. Sikuwa nimewahi kuhisi baridi isiyotoka kwenye mashine ya Baba.

Akatokea mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Mama alivuta pazia haraka.

"Kamchinja nani huyu?" alininong'oneza.

Hakumchinja mtu. Alikuwa akikamua komamanga. Baba alipotoa salamu na kuomba maji, yule mzee alicheka kama mtu aliyekuwa akitungoja tangu asubuhi.

"Maji ya nini? Ninyi ni wageni wangu. Hamwondoki hapa mpaka gari lenu liwe zima. Ila nisameheni, mwenye nyumba yangu amekwenda harusini kwa mpwa wake, anarudi kesho kutwa. Nyumba yangu haina mwanamke wa kumkaribisha mama."

Huyo ndiye Ami Salih. Alitusaidia kulisukuma gari mpaka chini ya miti, akatuletea mkate wa moto na samli, na Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba samli si mbaya. Baba alitabasamu mpaka nikayaona magego yake. Kila Mama aliposema kitu kizuri juu ya nchi ile ya bara, Baba aliona Riyadh imesogea karibu.

Asubuhi yake Baba alipata lifti kwenye pikapu la wauza mboga akaenda mjini kutafuta mpira. Mama alibaki garini nyuma ya mapazia, maana hakuna mwanamke wa kumkaribisha ndani. Mimi nikaachiwa kuzurura.

Kibanda cha kukamulia kilikuwa kimejengwa kwa mawe, chumba kimoja tu, chenye sakafu iliyolowa rangi ya damu ya mzee. Harufu yake ilinipiga puani kabla sijafika mlangoni, tamu mbele na kali nyuma, pamoja na moshi wa kuni, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na sufuria pana la shaba ambamo juisi ilichemshwa siku nzima mpaka ikawa nzito na nyeusi, ndiyo asali ya komamanga. Katikati kilisimama kinu cha kukamulia, cha mbao, chenye parafujo kubwa juu. Nyigu walikuwa kila mahali na hawakumuuma mtu.

Ami Salih hakutumia kisu kulikata tunda. Alisema chuma kinaichafua juisi, inakuwa nyeusi na chungu. Alilikwaruza ganda kwa mti uliochongwa, akalipasua kwa vidole gumba, akaligeuza juu ya kiganja na kulipiga mgongoni kwa mwiko, na punje zikamiminika zote. Kisha alitoa kwa mkono zile ngozi nyeupe za katikati, moja moja, kwa kuwa ndizo zenye uchungu. Alikuwa akijisifu bila haya. Kwamba juisi yake inafuatwa na watu wa Makka. Kwamba ndugu yake mwenyewe, mwenye bustani bonde la pili, hutia sukari, na kwa sababu hiyo hawasemezani tangu mimi sijazaliwa.

"Komamanga la kutia sukari," alisema, "mpe punda."

Nilicheka kwa sababu alisema punda. Basi.

Akajaza juisi kwenye bakuli jeupe la bati lenye mdomo wa buluu, akanipa nimpelekee Mama. Mama alikunywa amesimama. Akafumba macho. Alikunywa tena, na tena, nikaona inakaribia kwisha nami sijapewa hata tone, nikamvuta kanga.

"Subhanallah," alisema. "Mie sijapata kunywa kitu kama hiki."

Akaosha bakuli, akalifuta, akaligeuza kifudifudi juu ya benchi, na hapo ndipo alipokumbuka kuwa gesi ya jiko ilikwisha jana tukichemsha chai. Mkate wa kumimina tulikwishaumaliza njiani, tende nusu yake walipewa nyani. Alitazama huku na huku ndani ya lile kopo la Bibi. Kisha akatoa mfuko wa sukari. Alitia kwa kijiko, taratibu, akasawazisha juu kwa mgongo wa kijiko mpaka ikawa laini kama imepigwa pasi, akafunika kwa kitambaa chake cha kudarizi.

"Mpelekee. Mwambie Mama anashukuru."

Nilikwenda mikono miwili chini ya bakuli. Ami Salih alifunua kitambaa. Akatazama ndani kwa muda.

"Hii nini, binti?"

"Sukari."

"Ya nini?"

"Ya bakuli," nilisema. Ya nini nyingine? Nilishangaa mtu mzima kuuliza. "Mama anashukuru."

Akachota juisi kwenye mtungi kwa kikombe, akaionja, akaizungusha mdomoni, akatazama dari. Akaonja tena. Macho yake yalianza kuwa mekundu, na mimi nikaguswa sana kuona mtu anavyothamini zawadi ndogo.

"Mama yako ni mtu wa wapi?"

"Baghdadiyah."

"Watu wa mjini," alisema polepole, akaitikia kwa kichwa.

Nilirudi mbio. "Kafurahi mpaka kakosa la kusema," nilimwambia Mama, na Mama akafurahi pia. Alisogeza pazia kidogo, akatazama bustani kwa mara ya kwanza kama mtu anayeitazama kweli.

Kumbe kibandani mzee alikuwa hashikiki. Alimwaga punje zote alizokwisha toa, akaanza upya. Alichagua tunda moja moja kutoka kwenye mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake nyuma ya kisima, akatoa zile ngozi nyeupe kwa ncha za kucha, akakamua kwa mkono mwepesi ili isitoke ila juisi ya mwanzo. Nilikaa mlangoni nikimtazama. Hakujisifu hata neno moja. Jua lilikuwa limepinduka ndipo aliponipa bakuli tena, lilelile la mdomo wa buluu.

"Mwambie mama yako, hii ni ya mti wa babu yangu. Mti huu siuzi. Mwambie anywe polepole."

Mama alipoisikia habari ya mti wa babu alishika kifua. Alikunywa polepole kama alivyoagizwa, na safari hii alinikumbuka. Nawaambieni, sijaonja tena kitu cha namna ile. Ilikuwa tamu, halafu ukimeza inakuuma kidogo nyuma ya ulimi kukuamsha.

"Kumbe watu wa huku wana adabu," Mama alisema. "Mti asouza! Hapa siwezi kurudisha kidogo."

Akamimina sukari mpaka ikafanya mlima.

Ami Salih aliufunua ule mlima, akavuta kreti la matunda, akaketi.

"Yote hii?" aliuliza.

"Yote!" nilisema kwa fahari. "Mama kasema safari hii lazima iwe nyingi zaidi, kwa sababu juisi ilikuwa ya mti wa babu yako."

Alivaa kilemba chake, akatoka nje, na mimi nikamfuata. Alikwenda mti hadi mti, anachuma, anapasua, anaonja, anatema. Kila akionja ananipa na mimi nionje. Niliona huo ni mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kuchezewa na mtu mzima.

"Chungu?" ananiuliza.

"Tamu."

Mti mwingine. "Chungu?"

"Tamu!"

Mwishowe alinipapasa kichwani kwa mkono wake mwekundu. "Wewe mtoto," alisema, "unanihurumia."

Alasiri ile alipita mbele ya gari letu kuelekea msikitini. Asubuhi alikuwa ametoa salamu kwa sauti akiwa mbali, uso ameugeuzia ukutani kwa adabu. Safari hii alipita kimya. Mama alimwona kupitia ufa wa pazia. Akamngoja arudi. Akarudi, akapita kimya.

Baba alipofika na mpira wake mkononi, amechoka na anafurahi, Mama alikuwa amekunja kitanda na kufunga vifurushi vya nguo.

"Umemwona mwenyeji wetu?" alimwuliza. "Tumempelekea sukari mara mbili, ya pili mpaka inamwagika. Salamu katunyima. Salamu! Nimekuja kutazama, nishatazama. Ndo watu wa bara hao. Na Riyadh huko mbele itakuwa ndo zaidi."

"Labda kachoka," Baba alisema.

"Nami n'tachoka, ndani ya nyumba yenye lifti, mtu hata kunijibu salamu hakuna. Kesho ukishatengeneza gari tushushe mjini, mie na mtoto tupande basi turudi Jidda. Weye nenda. Utakuja Idi."

Baba hakubishana. Alikuwa na hoja zake zilezile, maji, lifti, kiyoyozi katika kila chumba, na nadhani aliona hakuna hata moja inayojibu aliloambiwa. Alikaa kwenye ngazi ya gari akiuzungusha ule mpira mikononi. Mimi nilijibanza ubavuni kwake nikinusa kofia yake. Nilitaka kulia, nikaogopa nikilia watanibembeleza na jambo lenyewe litakuwa limekwisha kuamuliwa.

Asubuhi Baba aliingia uvunguni mwa gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana, na spana ikaanza kugonga. Ndipo nikamwona mwanamke akija baina ya miti kwa hatua za mtu mwenye shauri. Alikuwa mnene, mwenye nyusi ndefu, hina ya harusi bado imekolea mikononi, na mikono yenyewe imelishika lile bakuli la mdomo wa buluu, na sukari yetu yote imo ndani. Aligonga bati la gari kama anagonga mlango. Mama akafungua.

Mke wa Ami Salih aliitwa Nura, na baadaye niliambiwa nimwite Hale, yaani mama mdogo. Siku ile hakuwa na muda wa majina.

"Dada yangu," alisema, "karibu kwangu, na nisamehe sikuwepo. Sasa niambie ukweli. Nimerudi nimemkuta mume wangu hajala tangu jana. Ameonja miti yote. Amesema anataka kung'oa mti wa babu yake. Juisi yetu ina nini?"

Mama alitumbua macho. "Ina nini? Mie sijapata kunywa kitu kama kile!"

"Basi mbona umeitia aibu hivi?" Na akamsogezea bakuli mpaka kifuani.

Mama aliitazama sukari. Akanitazama mimi.

"Si ulisema kafurahi?"

"Alifurahi," nilisema. "Macho yake yalikuwa mekundu."

Mama akaweka mkono mdomoni. Halafu akaanza kueleza, Kiarabu chake cha Baghdadiyah kikichanganyika na Kiswahili cha kwao, kwamba bakuli halirudi tupu, kwamba mtu asiye na jiko hutia sukari, kwamba mlima ule wa mara ya pili ulikuwa kwa ajili ya heshima ya babu. Hale Nura alisikiliza kwa makini sana. Kisha bega moja likatikisika. Kisha la pili. Aliketi kwenye ngazi ya gari, akaweka bakuli mapajani, na akacheka mpaka akafuta machozi kwa mikono yake ya hina. Mama naye akashikwa, akaketi pembeni yake, na kila mmoja akijaribu kunyamaza mwenzake anamponza.

"Mlima!" Hale Nura alisema akihema. "Maskini mume wangu! Anamtukana ndugu yake kwa sukari maisha yake yote, wewe umemletea mlima!"

Walipotulia, Hale Nura aliuliza, kwa kutaka kujua tu, "Na mkihama je? Ukihama na bakuli la jirani bado lipo kwako?"

Mama aliitazama sukari mapajani mwa mwenzake. Nilidhani hakusikia.

"Lilikuwepo," alisema mwishowe. "Siku tuliyokimbia mapinduzi Unguja. Bi Zuwena, jirani yangu wa mlango kwa mlango, aliniletea bokoboko jana yake. Nimeliosha bakuli lake, nimeligeuza mezani, nasema kesho n'tampikia vitumbua nimrudishie. Kesho yenyewe hatukuwa na kesho. Tumeondoka na nguo za mwilini. Sijamuaga hata kwa mkono. Lile bakuli nimeliacha pale kifudifudi, tupu, na yeye sijui yu wapi. Nikasema mie sihami tena. Sihami tena nikaacha vyombo vya watu nyuma yangu. Na kule Jidda sasa hivi n'na sahani tatu za watu mezani."

Spana ilikuwa imenyamaza. Miguu ya Baba haikucheza. Nilielewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, kwamba Baba naye anayasikia maneno haya kwa mara ya kwanza, na kwamba miezi yote ile alikuwa akimsifia mkewe lifti.

Hale Nura aliishika mikono ya Mama kwa mikono yake yenye hina.

"Sikiliza. Mimi ndiye Bi Zuwena. Nimesikia mmeondoka, nimeingia jikoni kwako. Nimeliona bakuli langu. Limeoshwa, limegeuzwa vizuri juu ya meza. Unadhani nimesema nini? Nimesema, masikini, alikuwa anataka kunipikia."

Mama alilia. Alilia kwa sauti, kama watoto, na Hale Nura alimwacha alie, anampigapiga mgongoni huku ananikonyeza mimi nisiogope. Mimi nililia pia, kwa sababu Mama analia, na kwa sababu nilihisi kitu kizito kimetua mahali, sijui wapi.

Mchana ule hatukuondoka. Ami Salih, alipoelezwa, alitoka kibandani na kupiga kelele kutoka mbali, uso ameugeuzia ukutani, "Ya mama wa binti! Wallahi umenizeesha!" Kisha akachinja mbuzi. Mama aliingia jikoni kwa Hale Nura, akampikia vitumbua kwa unga walionao, na Ami Salih alivila akisema vina sukari kidogo mno. Baba alicheka mpaka akapaliwa.

Tulipoaga, Hale Nura aliliosha lile bakuli la mdomo wa buluu, akalijaza asali ya komamanga nzito, akampa Mama.

"Hili pokea," alisema.

"Nitie nini nikurudishie? Sina kitu."

"Usitie. Ondoka nalo hivyo hivyo. Utalirudisha siku utakayokuja."

Mama alisitasita, mikono imetangulia kisha imerudi. Halafu akalipokea. Alipanda garini akaliweka mapajani na hakuliweka chini.

Tulifika mahali njia inapogawanyika, mkono mmoja unarudi mjini kwenye mabasi ya Jidda, mkono wa pili unakwenda Riyadh. Gari likaenda polepole sana. Mama hakusema tushushe. Hakusema pia twende. Baba akashika njia ya Riyadh kwa woga, kama mtu anayetembea ndani ya chumba chenye mtoto aliyelala.

Kisha pakatokea kizuizi cha askari. Kijana mwembamba aliinama dirishani kwa Baba, akapokea ikama, vile vibali vyetu vya ukaazi, akazifungua.

"Watu wa wapi ninyi?" aliuliza.

Jibu la Baba la siku zote lilikuwa Jidda. Nilimwona amefungua mdomo alitoe, likamkwama. Akainua macho kwenye kioo.

Mama, ambaye maishani mwake hakuwahi kumjibu askari, alisogeza pazia la manjano kwa kidole kimoja.

"Riyadh," alisema. "Sisi watu wa Riyadh. Tunakwenda kwetu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona Riyadh. Askari alirudisha karatasi akatupungia tupite. Baba aliachia klachi kama mtu aliyeanza kujifunza siku ile, gari likaruka, likazimika katikati ya kizuizi, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Hakuyasikia. Alikuwa amegeuka kitini mzima mzima, anamtazama Mama.

"Washa gari, bwana," Mama alimwambia. "Watu wanangoja."